Walimpima Mama kwa Salamu

Nimeiandika habari hii na kuifuta mara nyingi, nikitafuta maneno yasiyo na hasira. Sikuyapata. Naiacha na hasira yake.

Mama yangu anauza mchele sokoni, hapa Bariadi mjini. Kwa muda nilikuwa namwona akishika kisogo kila anapoinua debe, na jioni kandambili zilimbana kwa uvimbe wa miguu. Bibi, mzaa mama, alianguka jikoni akapooza upande mmoja, hakusema tena hadi tulipomzika. Mimi kwa kawaida ni mtu wa wasiwasi. Nilijisomea mambo ya presha kwenye simu mpaka kisogo changu nacho kikaanza kugonga. Kila nilipomwambia mama twende hospitali, alijibu, "Na mchele huu utajiuza?"

Kwa hiyo lilipopita gari la matangazo kwamba Jumamosi kutakuwa na siku ya afya ya familia kwenye uwanja wa shule ya msingi, vipimo bure, nilifurahi kama mtoto. Mama alikubali. Ni karibu na nyumbani, na majirani wote wanakwenda.

Nilitangulia kumshikia nafasi, lakini getini nilikuta hakuna foleni ya kushikia. Kulikuwa na spika kubwa, fulana mpya, na kijana mmoja mchangamfu kutoka Dar amesimama getini. Kazi yake ilikuwa kugawa watu: wagonjwa waende kwa nesi chini ya turubai, wazima waende kwenye mazoezi. Mimi nilipelekwa kupanga viti.

Huyo kijana alikuwa amejifunza Kisukuma kidogo ili kutuheshimu, na alijivunia. Mama alipofika akamwinamia, akamwamkia kwa salamu ya asubuhi.

"Mwangaluka, mayu! Mhola?"

"Mhola duhu, ng'wanawane," mama akajibu, akitabasamu kwa kusikia mgeni anamsalimu vizuri. Salama tu, mwanangu.

"Safi sana! Mama yuko fiti huyu. Mazoezi kule!"

Kila Msukuma anajua kwamba hiyo haikuwa habari ya mwili wake. Mhola hujibiwa mhola. Aliyefiwa jana atakujibu mhola, mwenye homa kitandani atakujibu mhola. Kwanza mnaulizana nyumba, watoto, mvua, ng'ombe kama wapo. Halafu mtu anashusha pumzi na kusema, "Ila sasa..." Ugonjwa wetu unakaa baada ya hiyo "ila". Anayeondoka mapema anaondoka na salamu mkononi.

Nilipogeuka na viti vyangu, nilimwona mama katikati ya uwanja, amefunga kitenge kiunoni, anaruka. Mwalimu wa mazoezi anapiga kelele kwenye kipaza sauti, "Juu, mama zangu, juu!" Mama akaruka tena, akasimama, akaketi chini kwenye vumbi kana kwamba ameitwa na ardhi. Wenzake wakacheka. Walidhani amechoka.

Nilitupa viti.

"Mbona hajapimwa?" nilimuuliza yule kijana.

"Dada, tulia. Nimemuuliza kwa lugha yake mwenyewe. Kasema mzima."

"Umemsalimu! Hukumuuliza!"

"Si ndiyo hiyo hiyo?"

"Wewe ukiambiwa 'mambo', ukajibu 'poa', ndiyo umepimwa?"

Jirani mmoja akaangua kicheko. "Jamani, mpisheni daktari wa simu!"

Na mama, akiwa bado chini, jasho linamtiririka, alinikazia macho mimi, si yule kijana. "Acha kelele. Unamwaibisha mgeni wa watu."

Hapo ndipo nilipokaribia kulia. Mgeni! Kila mtu alikuwa na haki ya kulindiwa heshima yake pale uwanjani isipokuwa mwanamke aliyeshindwa kusimama. Nilimshika kwapani, nikamvuta hadi chini ya turubai, nikamkalisha kwenye kiti cha nesi mbele ya wote waliokuwa wakisubiri. Wakaguna. Na mimi ndiye yule ambaye humruhusu kila mtu anipite kwenye foleni.

Nesi alimfunga mkanda wa mashine mkononi. Akatazama. Akaufungua, akaufunga mkono wa pili, akatazama tena. Kisha akaegemea mbele, akapunguza sauti.

"Mama, nani amekupeleka kuruka?"

Muziki uliendelea.

Alituambia twende hospitali muda ule ule, tusipitie nyumbani wala sokoni. Kijana alitukimbilia hadi kwenye bajaji na chupa ya maji, uso umemshuka. Sikuipokea. Mama aliipokea, akamshukuru.

Njiani alinuna, chupa ameipakata. Tulipoacha lami akasema, akitazama nje, kwamba tangu wakati wa palizi mkono wake wa kushoto unaachia vitu, na kuna asubuhi taa moja anaiona mbili.

"Mama! Kwa nini hukuniambia?"

"Kila siku unaniambia twende hospitali, twende hospitali. Umewahi kuniuliza kinachoniuma?"

Nikamwambia dereva aongeze mwendo, kwa ukali ambao hakustahili, nikamsogelea mama, nikamuuliza.

Akaanza na miguu.