Kumsahihisha Mtu Aliyekuzidi Umri

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, ambayo Mungu hajaniruhusu niisahau, nami namshukuru kwa hilo. Ilikuwa asubuhi, kwenye michikichi iliyo juu ya Rumonge, pale ambapo ukigeuka unaliona ziwa lote hadi milima ya Kongo. Kuipanda hadi kileleni kukata chikichi nilifundishwa na Mzee Ramadhani, Mwislamu mpole ambaye babu yake alitokea Ujiji. Siku hiyo aliniambia kwamba kupanda sasa nakujua, anataka kuona kama najua kumpandisha mwenzangu. Hatukuwa na cheti wakati ule. Cheti kilikuwa yule mzee kukutazama ukimfundisha mtu mwingine, kisha kusema, "Haya, huyu anaweza."

Niliyepewa kumfundisha alikuwa Baba Anastazi, shemasi wa kanisa letu, mtu wa umri wa baba yangu. Mchikichi hupandwa kwa kamba nene inayozunguka shina la mti na kiuno chako. Unaiegemea kwa mgongo, unaisogeza juu kidogo kidogo, na uhai wako wote uko kwenye fundo. Baba Anastazi alilifunga fundo lake vibaya. Niliona. Lakini nilivyolelewa, mtoto hamwambii baba wa watu kwamba amekosea. Nikainamisha macho, nikawa natazama siafu wakipita. Miguu ya shemasi ikaacha ardhi.

"Shuka, Baba! Shuka kwanza!" Mzee Ramadhani alipaza sauti.

Baba Anastazi akashuka akicheka. "Kwani nini? Hata kimo cha mbuzi sijafika!"

Mzee akalivuta lile fundo kwa kidole kimoja, likafunguka lote. Kisha akanigeukia mimi.

"Weye, uliona ao hukuona?"

"Niliona, Mzee."

"Sasa ulinyamaza juu ya nini?"

"Ni heshima, Mzee. Huyu iko kama baba yangu."

"Heshima!" Akamtazama shemasi. "Shemasi, umesikia? Huyu mutoto anakuheshimu sana, karibu akuzike."

Baba Anastazi alicheka mpaka akafuta machozi. Mimi sikucheka. Ndipo Mzee Ramadhani akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Alichutama mbele ya shemasi, kama tunavyofanya mbele ya wakubwa wetu, akanyoosha mikono miwili na kusema, "Baba, niruhusu niguse kamba yako." Akafunga fundo polepole, akalifungua, akamrudishia kamba ili alifunge mwenyewe. "Umeona?" akaniuliza. "Sikumuvunjia heshima, na haanguki." Akanitaka nirudie mimi, nami nikachutama, nikaomba ruhusa, nikalifunga.

Nayakumbuka hayo kwa sababu ya mjukuu wangu Divine. Yuko Kanada, na anajifunza kazi ambayo sikujua kama ipo duniani: kuwafundisha watu kuteleza mlimani juu ya theluji, wamesimama kwenye ubao. Aliponiambia mara ya kwanza, nilimuuliza maswali mpaka mama yake akalalamika kwamba mega za simu zinaisha. Ubao una breki? Miguu yote miwili imefungwa juu yake, sasa ukitaka kujikuna? Theluji ina harufu? Katika Zaburi nimesoma habari za theluji maisha yangu yote, nimewafundisha habari zake wakatekumeni wanaongoja ubatizo, bila kujua kwamba ukiikanyaga inalia chini ya kiatu. Divine alinisikilizisha kwenye simu. Nilimshukuru Mungu kwamba bado ana vitu vya kunishangaza.

Lakini wiki iliyopita alipiga simu akilia.

"Kuteleza nimepita, Babu. Kufundisha ndiyo nimeanguka."

Kumbe katika mtihani alipewa kumfundisha mzee mmoja mstaafu, anayesoma kozi hiyo pamoja na Divine. Yule mzee alisimama kwenye ubao magoti yamenyooka. Divine aliona, akanyamaza. Mzee akaanguka kwa matako, na mtahini akamwambia Divine kwamba hajafaulu. Jumamosi atarudia. Akishindwa tena, wenye mlima ule hawatamchukua kazini msimu huu, naye alisema hatajaribu mara nyingine.

"Ningefanya nini, Babu? Ni muzee. Nilitazama ubao wangu."

Nilimsimulia habari ya Mzee Ramadhani kama nilivyokusimulia wewe. Kisha nikamwomba anifundishe mimi. Nilichukua kipande cha mbao nyuma ya nyumba, nikakiweka chini sebuleni, bibi yake akashika simu ya video ili Divine anione. Nikapanda juu yake, nikanyoosha magoti kama nguzo ya umeme. Kwa makusudi, mwanangu.

"Ni hivi?" nikauliza.

"Ego, ndiyo, Babu. Ni vizuri."

"Kweli?"

Bibi alitaka kusema, nikamkataza kwa jicho. Tulingoja. Nilifikiri simu imekatika.

"Babu," akasema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Niruhusu."

"Nimekuruhusu."

"Magoti yako hayajakunjika. Kunja. Zaidi, Babu. Zaidi! Na usitazame miguu, nitazame miye."

Nilikunja, mifupa ikasikika chumba kizima.

"Mufundishe na kusimama," Bibi akasema, "maana huyu sasa ameganda."

Divine akacheka, kisha akanifundisha na hilo, taratibu: mkono kwenye kiti, pumua, inuka. Kila nilipokosea alinisimamisha. Namshukuru Mungu kwa kila kosa alilonitajia siku ile.

Jumamosi haijafika, na mtahini atakalosema silijui. Lakini wewe, mwanangu, usingoje mtihani. Ukipewa kumfundisha mtu aliyekuzidi umri, omba ruhusa, kisha useme ulichokiona, na ukiseme mapema, kabla hajaumia. Usijifiche nyuma ya adabu tulizokulea nazo. Adabu hizo zina maneno ya kumwonya mkubwa, na zina namna ya kuchutama. Zitumie kwa kazi hiyo. Na mkubwa akikukasirikia, vumilia. Akishafika chini salama atakuelewa.

Mungu aliyekupa macho ya kuona kosa la mwenzako akupe ulimi mpole wa kulitaja. Na siku utakapokosea wewe, akuletee mtu asiyekuogopa. Amina.