Oveni Niliyoizima

Kioo cha namba kilikuwa cheusi. Nilikuwa nimeizima oveni mwenyewe, kwa kidole changu, nikaona taa yake inakufa. Lakini niliporudi kutoka kuchota maji, koili ya juu ilikuwa nyekundu pyu na kabati la mbao lililoibeba linawaka. Nikashika plagi nivute. Ilikuwa imeyeyuka. Ilitoka na ngozi ya kiganja changu cha kulia.

Hiyo haikuniuma kama neno la mama mkwe. Alikuja mbio na ndoo ya mchanga, akauzima moto, halafu akanigeukia mbele ya majirani: "Leo umesahau moto. Kesho utasahau watoto."

Sikusahau. Darasa la nne ndiyo mwisho wangu, na haya nayaandika kwa mkono wa kushoto, lakini sikusahau.

Ile oveni niliinunua kwa familia ya mgodini iliyohamishwa. Nikawa naoka mikate na keki za harusi, kijiji chetu cha Nyangoto chote wananijua. Siku moja ikagoma: taa zinawaka, saa inahesabu, joto hakuna. Nikamwita fundi. Jina sitaji, hakuna haja, kila mtu hapa anamjua. Kazi yake ni mota za karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Na kwenye karasha wana desturi yao: fyuzi ikikata, hakuna anayeuliza imekata kwa nini. Wanaweka waya, mawe yasagike, maana karasha ikisimama wenye mawe wanaanza matusi.

Alifungua mgongo wa oveni, akachungulia kidogo tu.

"Shemeji, fyuzi ya joto imekufa."

"Imekufa kwa nini?"

"Wewe unataka mkate au unataka historia?"

Tukacheka wote. Mimi pia nilicheka, najilaumu mpaka leo. Joto likarudi, nikamkaribisha chai.

Mara ya kwanza nilipooka tena ndipo moto ule ukatokea, nikampeleka fundi kwa mwenyekiti wa kitongoji. Fundi akasimama, hata aibu hana: "Shemeji alisahau kuzima. Akina mama na simu, mnawajua wenyewe." Watu wakacheka. Mwenyekiti, ambaye karasha yake inatengenezwa na fundi huyohuyo, akasema tuyamalize, moto ni ajali. Huyo namtaja kwa cheo chake tu, inatosha. Nilirudi nyumbani na bandeji yangu, mama mkwe akaninyang'anya kiberiti.

Mpangaji wangu ni mwalimu wa fizikia, Mhaya, serikali ndiyo ilimleta huku. Aliniambia, "Mama, usimjibu kwa mdomo. Tuipime."

Tukaitoa bodi, kile kibamba cha kijani kinachoiamrisha oveni. Juu yake kuna viboksi vyeusi, vinaitwa rilei. Kila kimoja kinaunga na kukata njia ya umeme wa koili yake. Mwalimu akanieleza: bodi ikiwa nje, haina umeme, njia zinatakiwa ziwe zimekatika, na mita yake ya kupimia umeme inyamaze; ikilia, njia imeungana. Ncha moja ya mita akashika yeye, nyingine mimi. Rilei ya koili ya chini: kimya. Ya koili ya juu: tiiiii.

Nikachukua bisibisi niigonge kwa hasira. Akanidaka mkono. "Usiiguse! Ukiigonga inaweza kuachia, na ushahidi wako umekwenda."

Kumbe vyuma vyake vya ndani viliungua vikagandana. Nilipobonyeza kuzima, bodi ilitii, kioo kikafa, ila ile rilei haikuachia. Ugonjwa ulikuwepo toka mwanzo, ndiyo maana fyuzi ya joto ilikata mara ya kwanza. Ilikuwa inanilinda. Tukatazama mgongoni mwa oveni, pale fyuzi inapokaa. Hakuna fyuzi. Kuna kipande cha waya wa shaba, kimesokotwa mara tatu, vilevile wanavyosokota kwenye karasha.

Niliifunga bodi kwenye kanga, na ule waya, nikamfuata fundi kazini kwake.

"Mura," nikamwita, kama tunavyomwita kijana huku kwetu, "hii nini?"

"Waya siyo wangu, shemeji."

"Nani mwingine alifungua oveni yangu?"

Akawasha karasha. Mpaka leo hajaizima kwa ajili yangu.

Mama mkwe nilimwekea mita asikie. Alisikiliza mara mbili, akaniambia nirudie ya tatu, kisha akaenda kumenya mihogo. Kiberiti hajanirudishia.

Bodi iko juu ya kabati la mwalimu, hakuna wa kuigonga. Mwenyekiti, nasema na wewe: itisha watu walewale waliocheka. Mita italia mbele yao. Na wewe fundi, uliyeweka waya mahali pa fyuzi ukamwacha mwanamke aungue, halafu ukamtukana, uje usimame hapo useme ulifanya nini. Useme mwenyewe, kwa sauti, mama mkwe wangu akiwa amekaa mbele.