Walioiteka Ngome Yetu

Mtembeza wageni wa ngome yetu kongwe ana sauti ya mwalimu na vidole vya fundi cherehani: kabla ya kusema lolote, huupapasa ukuta kama anayechagua kitambaa. Kisha huuliza kwa upole, “Kwenu wapi, ndugu yangu?” Mgeni akijibu ng'ambo ya mto, basi watu wa ng'ambo ndio walioiteka ngome. Akijibu mlimani, ushindi huhamia mlimani, na tundu lile lile la risasi hupata mpigaji mwingine. Kila mtu hutoka kifua mbele.

Juzi walikuja maharusi wapya, mume wa mlimani, mke wa ng'ambo. “Haya mzee wetu, tukate mzizi wa fitina,” mke alisema, mikono kiunoni. “Nani alishinda?”

“Na usimwonee haya,” mume akadakia.

Mtembeza wageni aliupapasa ukuta mpaka chokaa ikabanduka. Akakohoa. “Siku ile, wanangu, ilinyesha mvua kubwa. Vita vikaahirishwa.”

Maharusi walitazamana, wakatoka wakibishana mvua hiyo iliwaokoa akina nani.