Raba za Lalla Menana

Mimi nimeanza mazoezi mara tisa maishani mwangu na kuyaacha mara tisa, kwa hiyo msiniletee maneno. Sababu ninazo tele: Ramadhani, harusi ya mpwa wangu, mafua, na hizi mvua za Tetouan ambazo Moroko nzima inazijua. Jirani yangu Lalla Menana naye alikuwa hivyo hivyo, mpaka dada yake alipokatwa mguu kwa kisukari. Siku aliyorudi kutoka kumtazama hospitali alikaa kwenye ngazi zangu akaniambia, "Rhimo, kisukari hicho na mimi ninacho. Na miguu yenyewe ninayo miwili tu." Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Aliyemfanya aendelee si daktari. Ni mumewe, Si Abdeslam (Si kwetu ni Bwana, kama Lalla ni Bibi), fundi wa kushona majalaba, yale majoho yetu yenye kofia, mtu mpole asiye na maneno mengi. Kila alfajiri akitoka kuswali alizichukua raba za mkewe, za buluu, za mtumba, akazipanga mlangoni pua zikitazama barabarani. Basi. Hakusema nenda, hakusema usiende. Menana aliniambia ukiona viatu vyako vimeshaanza safari, unaona aibu wewe kubaki. Alitembea hadi lango la chini la mji na kurudi, miaka mitatu. Siku akiumwa alivaa raba akafika kona tu, akarudi kulala.

"Ninajijua," alisema. "Nikikosa siku moja, nitakosa mwaka."

Halafu mwezi wa kumi na mbili Si Abdeslam akafariki akiwa kazini, sindano imechomekwa kwenye kola ya jalaba la kijani alilokuwa akimshonea mkewe.

Kwetu mjane anavaa nyeupe tupu, kuanzia kitambaa cha kichwa hadi soksi, na anakaa ndani miezi minne na siku kumi. Menana alivaa, akakaa, akalia mpaka sauti ikakauka. Alfajiri ya siku ya nne nilipanda juu ya paa kutazama kama tangi limejaa, nikaona kitu cheupe kinazunguka paa la jirani. Kilitoka kwenye tangi la huko hadi kwenye dishi la televisheni, kikapita kamba za nguo, kikarudi kwenye tangi. Karibu nianguke kwa hofu. Nilipoziona raba za buluu nikacheka, na nakiri kosa langu: mimi ndiye niliyelipeleka jambo hilo dukani. Kufika adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mjane wa Si Abdeslam anafanya mbio juu ya paa.

Kesho yake wifi yake akaja. Hajja Khaddouj ni dada mkubwa wa marehemu, mwanamke ambaye akiingia sebuleni hata mito inajiweka sawa. Alipanda ngazi zote akihema.

"Menana! Una wazimu au una furaha?"

"Nina kisukari, wifi."

"Kaka yangu udongo haujamkauka, wewe unachezacheza juu huku! Eda ni kukaa!"

"Eda ni kukaa nyumbani. Hapa ni nyumbani kwangu, au ni Hispania?"

Mimi niliyekuwa upande wa pili wa ukuta nilijiziba mdomo.

"Na hayo mabuluu miguuni? Mjane na rangi! Unataka watu waseme nini?"

"Kama shida ni rangi, zipake chokaa. Mimi siachi. Nisikilize vizuri, wifi. Miguu hii nikiilaza miezi minne haitaamka tena. Halafu utakuja hospitali kunishika mkono, useme maskini Menana, ndiyo majaliwa yake. Huo umaskini siutaki."

"Unanijibu mimi?"

"Nakujibu."

Hajja alishuka, akakaa na wageni wa tanzia hadi alasiri. Alipoondoka, raba za buluu ziliondoka naye ndani ya kikapu chake.

Asubuhi iliyofuata Menana alikuwa juu, anazunguka na ndara za plastiki za bafuni, nyeupe kama eda inavyotaka. Nilimhurumia. Nikamwita, "Lalla, pumzika basi. Siku moja tu."

"Wewe Rhimo umepumzika mara ngapi?"

Nikashuka kupika chai.

Siku ya sita ya kuzivaa, ukanda wa ndara ulimla ngozi kati ya vidole. Mwenye kisukari hasikii maumivu huko chini. Alijua alipovua soksi nyeupe akaikuta ina damu. Daktari alimfunga, akamkataza kukanyaga mguu ule kwa wiki tatu, akamwambia wazi kwamba kidonda kikichimba, kidole kitaondoka, na hakitaondoka peke yake. Hajja Khaddouj aliitwa. Aliitazama ile soksi iliyokuwa bado kwenye beseni, akakaa sakafuni. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona hivyo. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hasira na mdomo wangu.

Nikajua mazoezi yamekufa hapo. Wiki tatu! Mimi huwa siku mbili zinanitosha kuacha. Lakini alfajiri ya kesho yake nikasikia vishindo kwenye ngazi zao. Menana alikuwa anapanda kwa makalio, ngazi moja moja, mguu umenyanyuliwa mbele. Alifika juu, akakaa kwenye kigoda cha kushonea cha mumewe, akaanza kuinua mikono na chupa mbili za maji. Saa ile ile, muda ule ule.

"Mwanamke wewe," nikamwambia, "nani anakuhesabia?"

"Mimi."

Wiki ya tatu ilipokwisha, kidonda kilikuwa kimefunga. Siku hiyo Hajja alikuja na kikapu chake. Alitoa raba, nyeupe pee. Alikuwa amezipaka chokaa ile ile ya kuta, mara tatu, mpaka kamba, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa kazi hiyo.

"Sasa hakuna wa kusema," akasema.

"Wa kusema hawaishi," Menana akamjibu. "Lakini asante."

Hakumkumbatia, wala sidhani kama alipaswa. Alivaa, akazunguka. Chokaa ilianza kubanduka siku hiyo hiyo, na kila alfajiri aliacha vipande njia nzima kutoka kwenye tangi hadi kwenye dishi, na buluu ikawa inachungulia. Wanawake wa mapaa mengine walimpigia kelele.

"Lalla, umeshafika Makka?"

"Nimepita zamani, sasa narudi!"

Eda ilikwisha majira ya maua. Asubuhi hiyo tulikusanyika kumpeleka hamamu akaoge, avue nyeupe, avae rangi. Hajja Khaddouj alikuwa amelala hapo kwao, na alitaka sana kufanya jambo jema: raba alizipanga mlangoni, sambamba, kama mtu anavyozivua akiingia, pua zikitazama ndani. Menana alishuka amebeba mkononi jalaba la kijani. Kola ilikuwa imekamilika. Aliimalizia mwenyewe ndani ya eda. Akaziona raba, akasimama.

"Gari lipo nje, wifi," Hajja akasema polepole. "Hamamu ni mbali."

Menana aliinama, bila kushika ukuta, akazigeuza raba zikatazama barabarani.

"Kaka yako alikuwa akiziweka hivi."

Hajja alijifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake. Menana alivaa, akafunga kamba, akatoka. Sisi wanane tukajibana ndani ya gari, na kwa sababu vichochoro vya kwenda hamamu havipiti gari, likabidi lizunguke mji mzima kwa nje. Tulipofika hamamu tulimkuta ameketi mlangoni, jalaba magotini, anatuuliza tulikuwa wapi muda wote huo.