Swali Aliloniuliza Kaka Bwawani

Nina miaka ishirini na moja na bado siwezi kukunja nguo mara moja tu. Naikunja, naikunjua, naikunja tena. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani kwamba nilichokifanya Jumapili ile kule Koboko, mpakani mwa Uganda na Kongo, kilikuwa bahati mbaya. Ndivyo nilivyo.

Bwawa lile lilichimbwa na serikali kwa ajili ya ng'ombe, baadaye wakatiwa samaki aina ya ngege, na kila Jumapili mtu yeyote aliruhusiwa kuvua mpaka saa kumi na moja. Familia za askari zilikuja na mikeka na redio. Mama mmoja aliyehamia kutoka Kongo aliuza mihogo ya kukaanga. Mimi nilivua pamoja na wanaume, na hakuna aliyenifundisha. Niliokota ukingoni mishipi iliyokatika, nikafumua mafundo yake nione yamefungwaje. Baada ya mwaka mmoja wanaume wenyewe walikuwa wakiniletea ndoano niwafungie.

Mwanzoni mwa 1979, vita na Tanzania vikiwa vimepamba moto huko kusini, kaka yangu alirudi nyumbani na bandeji mkono wa kulia. Alikuwa askari. Walimpa siku kumi apone. Siku ya tisa, nyumba ikiwa imejaa wageni wa kumpa pole, aliniambia twende bwawani.

Mlinzi wa bwawa alitucheka tangu mbali. "Afande! Leo mwanamuke ndiyo nakufungia ndoano?"

"Huyu iko komanda yangu," kaka alimjibu. "Mimi napokea amri tu."

Tuliketi penye nyasi fupi. Nilifunga ndoano, nikaivuta, nikaona uzi umelala upande. Nikakata, nikaanza upya.

"Dada, tupa tu. Samaki haiwezi kukagua fundo."

"Itakatika."

"Wacha ikatike."

Nikakata tena. Kaka aliwatazama watoto waliokuwa wakirushiana maji. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kesho lori nakuja kutuchukua. Mutu moja wa soko iko tayari kunivusha Kongo, leo leo. Kama ni wewe, ungerudi kambini?"

Nilisikia. Nakiri kwamba nilisikia kila neno. Kichwa changu kilianza kukimbia: nikimwambia avuke, wanajeshi watakuja kumkamata baba; nikimwambia arudi na akafa, nitakuwa mimi niliyemrudisha. Nilitaka jibu lisilo na kasoro.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Nimalize hii fundo."

Akangoja. Fundo la nne lilikaa vizuri, sawasawa kabisa. Nilijua. Nililikata, kwa sababu kama ningelimaliza ningelazimika kuinua uso.

Nilikuwa kwenye la sita au la saba mlinzi alipogonga rimu ya gari iliyoning'inia langoni. Muda umekwisha. Ndoano yetu haikuwa imegusa maji. Kaka alisimama, akakung'uta suruali kwa mkono wake mzima, akanunua vipande viwili vya muhogo na kunipa kile kikubwa.

"Basi, komanda," alisema.

Kutoka bwawani mpaka nyumbani ni mwendo wa nusu saa. Ningeweza kumjibu njiani. Nilikuwa bado napima maneno tulipofika mlangoni na wageni wakamchukua.

Asubuhi lori lilikuja, akapanda. Tangu hapo hatujapata barua. Mwenzake mmoja aliyepita akikimbia alisema walipotezana njiani, na hakutaka kukaa hata anywe maji.

Sasa tunaishi Arua, upande wa Ediofe, kwa shangazi. Nimeandika majibu mengi ya swali lile. Mengine yanajaza kurasa mbili, moja lina neno moja tu. Nayasoma asubuhi, naona kasoro, nachana. Sijui hata leo ningemwambia nini. Ninachojua ni kwamba aliniuliza mimi, si baba wala mchungaji, na nilimwacha aamue peke yake akiwa ameketi kando yangu.

Mama hajui. Wakija watu kumfariji, huwaambia, "Mwanangu hakuogopa. Hakusita hata kidogo." Kisha hunigeukia, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye mara ya mwisho, na wote hungoja nithibitishe.

"Ndiyo, mama," nasema. "Hakusita."