Mama Bertrand na Mvua ya Brno

"Baridi ya Ulaya itaua watoto wa watu wengine. Wangu haitamgusa mimi nikiwa hai."

Mama Bertrand aliyasema haya akiwa ameshika kipaza sauti, kwenye ukumbi wa Toongabbie, hapa Sydney, siku ya ubatizo wa mtoto wa mwenzetu Gloriose. Hakuna aliyemuuliza habari za baridi. Alikuwa ameombwa abariki chakula.

Jina lake ni Anésie, ila ukimuulizia kwa jina hilo pale mtaani kwake Rooty Hill, hata jirani wa ukuta mmoja atakwambia hamjui. Ni Mrundi, mjane, mfanyakazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Ana binti, Darlène, anayeishi naye na kumjibu kwa Kiingereza kila anapoongeleshwa Kiswahili. Na alikuwa na mwana, Bertrand, aliyeishi Brno, katika Jamhuri ya Cheki. Familia ilipotolewa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kuletwa Australia, Bertrand alikuwa ameshavuka kurudi Bujumbura kusoma kwa mjomba wake, na ndege haikumngoja. Baadaye Wacheki wakampa udhamini wa masomo. Akaenda, akamaliza, akapata kazi kiwandani, akabaki.

Sasa utamleaje kijana mwenye ndevu aliye upande wa pili wa dunia? Huwezi kumpikia, huwezi kumchapa, huwezi hata kumchagulia mke. Mama Bertrand alimlea kwa njia pekee iliyobaki, nayo ni hali ya hewa. Kabla hajafungua pazia kuona kama Rooty Hill kuna jua, alikuwa ameshajua kama Brno kuna ukungu.

Na sisi Warundi wenzake wa huku alitusomesha sote, tutake tusitake. Ndiye aliyetuambia kwamba wakati wa baridi ukungu unaweza kuulalia ule mji wiki nzima kama kifuniko cha sufuria, huku waliopanda vilimani wakiota jua. Kwamba mwezi wa kumi na mbili giza huingia saa kumi jioni, watu wakiwa bado kazini. Kwamba mwezi wa saba joto hupanda mpaka watu wanalala na madirisha wazi, kisha radi moja tu inakuja na mvua ya mawe na kutoboa paa za magari. Ogutu, muuguzi Mkenya wa kazini kwake, alimwambia, "Mathe, wewe ungesoma habari za hewa kwa TV. Shida ni moja, ulikosea nchi." Mama Bertrand alimjibu kwamba yeye Ogutu mamake huko Kisumu hajui hata kama mwanawe leo amekula, kwa hiyo akae kimya.

Mwaka wa kwanza alichemka. Mwezi wa saba aliona baridi ya Sydney inamng'ata masikio, akamhurumia mwanawe, akanunua koti zito na kulituma haraka. Likamkuta Bertrand kavaa kaptula, anatokwa jasho hadi kwenye kope. Tulicheka mpaka tukaomba maji. Lakini mama si mjinga, akaligeuza kosa kuwa mpango. Kuanzia hapo alingoja maduka ya huku yaanze kuondoa nguo za baridi kwa bei ya kutupa, akanunua glavu, soksi na makoti, akatuma, na mzigo ukafika Brno wakati miti ya kule inapukutisha majani.

Kisha kuna habari ya watakatifu. Bertrand alimweleza kwamba mwezi wa tano, miti ya matunda ikiwa imeshachanua na watu wameshaweka makoti kabatini, baridi hurudi siku chache na kuunguza maua. Wacheki huzipa siku hizo majina ya watakatifu watatu: Pankrasi, Servasi na Bonifasi. Mama Bertrand hakusikia hapo habari za hewa, alisikia ofisi ya kupeleka malalamiko. Jumapili iliyofuata, kwenye rozari ya jumuiya, akawaingiza wote watatu katika litania. Juvénal, kiongozi wetu wa sala, alisimamisha kila kitu.

"Mama Bertrand, hao ni watakatifu wa nani?"

"Wa mwezi wa tano."

"Wanahusika na nini?"

"Wewe sema utuombee. Wao wanajua."

Tukasema utuombee. Tunasema mpaka leo.

Ile Jumapili ya Januari, Rooty Hill ilikuwa inakaangwa. Jioni ilikuwa imeingia lakini lami bado ilikuwa laini, na mama amekaa mbele ya feni, miguu ndani ya beseni la maji. Kule Brno ilikuwa asubuhi. Kwa wiki kadhaa baridi ilikuwa imeshuka chini ya sifuri na kukataa kupanda, na mama alikuwa amekonda kwa ajili yake. Siku hiyo akafungua simu akaona kipimo kimepanda hadi sifuri, na picha ya matone. Mvua. Alipiga kigelegele mpaka Darlène akatoka chumbani.

Akampigia Bertrand kumpa hongera. Bertrand alikuwa bado kitandani. Akamwambia leo hatoki, haendi hata misa, redioni wamewaonya watu wakae ndani, kwa sababu mvua ya leo ikigusa chini inageuka barafu.

Ungemwelezaje hilo mwanamke aliyezaliwa kwenye milima ya Burundi, ambako mvua ikinyesha siku ya harusi yako watu wanakupongeza? Kwake adui alikuwa baridi, na mvua ilikuwa dalili kwamba adui amekimbia.

"Mvua ni baraka, mwanangu. Mungu amekuvunjia baridi yako leo, unamshukuru kwa kulala?"

"Mama, hii si mvua ya kwetu."

"Mvua ya Nyarugusu ilipita kwenye turubai ikatulowesha mpaka mifupa. Ilimuua nani? Vaa koti, nenda misa."

Bertrand akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka akishindwa. Akasema haya, Mama. Akavaa koti, kofia na glavu, akasimama mbele ya simu, na mama akamkagua kutoka Rooty Hill kama afisa wa forodha, akamgeuza nyuma, akampitisha.

Sisi Warundi mzazi hatumwambii kifo cha mwanawe kwa simu. Watu huja. Kwa hiyo Arnaud, aliyeishi nyumba moja na Bertrand, alimpigia Juvénal, na Juvénal akatukusanya. Hadi tunafika, kesho yake jioni, mama alikuwa amepiga simu Brno siku nzima bila kupokelewa, na alikuwa ameshajipa jibu kwamba simu imelowa. Alitufungulia akiwa bado na sare ya kazi. Alituona tumevaa nguo za kanisani siku ya kazi, tena hakuna aliyebeba kitu mkononi, na akaanza kuongea upesi, kana kwamba akiacha nafasi tutaitumia.

"Kule leo ni digrii tano juu ya sifuri. Barafu yote imeyeyuka. Nimeangalia sasa hivi. Imepita, karibuni, kaeni."

"Mama Bertrand," Juvénal akasema, "kaa wewe kwanza."

"Nimekaa," akajibu, amesimama.

Viza ya kwenda kuzika haikutoka kwa wakati. Tuliyatazama mazishi kwenye televisheni ya sebuleni, Arnaud ameshika simu kule. Mama hakulia. Aliuliza tu mbona wale watu makaburini hawana kofia.

Baada ya wiki moja aliomba aongee na Arnaud, akaweka simu mezani tusikie sote. Akamwambia amweleze taratibu, asimfiche. Arnaud akamweleza. Hewa ya juu ilikuwa imepata joto, ardhi bado imeganda, na mvua ilipoanguka ikawa kioo juu ya kila kitu. Bertrand alifika kwenye ngazi za mawe za kanisa. Alianguka kinyumenyume, kichwa kikatangulia.

"Alikuwa anatoka au anaingia?"

"Anaingia, Mama."

Kisha akauliza wenyeji wenyewe siku kama hiyo wanatembeaje. Arnaud akasema wengi hawatoki. Wanaolazimika kutoka wana mikanda fulani ya mpira yenye misumari midogo, wanaivika juu ya viatu.

"Inauzwa wapi?"

"Popote. Hata supamaketi."

"Shilingi ngapi?"

Arnaud akasema koruna mia mbili na hamsini, kama dola kumi na saba za huku, pungufu ya gharama ya kutuma koti moja.