Folda ya Fulani

Nilipomaliza darasa la saba Mandawa nilikaa nyumbani miaka mitatu nikilima ufuta na mama, halafu mama mdogo akanichukua Nachingwea. Jirani yake alikuwa na duka la kuchapa barua na kutoa kopi, na siku hizo ndiyo kwanza ameingiza intaneti. Alitaka msichana mtulivu asiyepiga soga na wateja. Mama mdogo akamwambia, "Huyu hata ukimkanyaga hasemi." Nikapata kazi kwa sifa hiyo, na kwa sifa hiyohiyo nikamkosesha bibi wa watu kuonana na kaka yake.

Wateja wetu wengi hawakuwa na anwani zao za barua pepe. Bosi alifungua anwani moja ya duka, na kila mteja akawekewa folda yake ndani yake, yenye jina lake. Barua ikiingia, naangalia ni ya nani, naisukumia kwenye folda yake pamoja na majibu anayotuma, naye akija namfungulia. Baadaye bosi akafungua duka la pili Ruangwa, akamweka kijana mmoja kule. Anwani ikabaki ileile. Siku ile bosi alinieleza jambo ambalo nililiitikia kwa kichwa bila kulielewa. Alisema barua zenyewe hazimo kwenye kompyuta zetu, ziko ghalani, huko mbali. Kompyuta ya Nachingwea na ya Ruangwa ni madirisha mawili ya ghala moja. Ukitoa kitu kwa dirisha hili, la pili nalo halitakiona tena.

"Umeelewa?"

"Ndiyo, bosi."

Sikuelewa. Nilidhani barua ninazoziona mimi ni zangu, na anazoziona yule kijana ni zake, kama daftari mbili zilizonakiliwa.

Bibi alianza kuja mwaka uliofuata. Alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma, aliyevuka na mtoto mgongoni wakati wa vita vya kule, akaanzia maisha huku. Kaka yake alibaki. Miaka yote hiyo hakujua kama yu hai, mpaka mtu mmoja alipomletea habari kwamba kaka yupo karibu na misheni fulani, na karani wa misheni ile ana barua pepe na huwaandikia wazee barua zao. Basi bibi akaja dukani, akakaa kwenye benchi, akaniambia anataka naye awekewe mahali pake.

"Jina lako nani, bibi?"

Akalitaja. Mikono yangu ikasimama.

Lilikuwa jina la mama mkwe wangu. Posa yangu ilikuwa imepokelewa mwezi uleule, na bibi mzaa mama alikuwa ameshaniketisha kunifunza: tangu leo jina la yule mama halipiti mdomoni mwako, hata kama ni jina la mtu mwingine, hata kama uko peke yako. Kuhusu kuliandika hakuniambia kitu. Lakini mimi nikiandika huwa naenda polepole, na kila silabi naitamka kwa midomo kabla kidole hakijashuka. Kwangu kuliandika ilikuwa ni kulitaja. Ningeweza kumwuliza bibi kama ana jina jingine. Niliona aibu kumweleza mambo ya uchumba wangu mtu aliyenizidi umri kiasi kile. Nikaandika "Fulani", nikamwambia tayari.

Tangu hapo alikuwa akija kila Jumatatu. Barua ziliandikwa Kimakonde, mimi ni Mmwera, kwa hiyo nilimsomea sauti nisizozijua maana yake. Alikuwa akicheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Mjukuu wangu, hapo umenisomea nimeolewa na mbuzi. Rudia."

Nikirudia alinyamaza, akasikiliza. Barua ya nne au ya tano ikasema kaka yake anataka waonane. Hawezi kufika Nachingwea, miguu imechoka, lakini mtoni anaweza. Akipata mtu wa kumsindikiza ataandika siku na kivuko. Bibi akaanza kuwa tayari. Alishona gauni. Alizungumza na mwanawe ampeleke kwa pikipiki mpaka Masasi, wakaulizie gari ya kwenda mtoni. Kila Jumatatu alipoingia swali lilikuwa moja: "Siku imekuja?"

Ikaja Alhamisi moja asubuhi. Ilikuwa ndefu kuliko zote. Sikuelewa neno, ila niliona majina ya siku mbili yaliyofanana na ya Kiswahili. Nikaisukumia kwenye folda ya Fulani nikifurahi kwa ajili ya Jumatatu. Sikumtumia mtu kumwita bibi. Kwake ni ng'ambo ya pili ya mji, na mimi sikuwa mtu wa kubisha hodi kwenye nyumba nisizozizoea. Kesho yake laini ya intaneti ikakatika, ikabaki hivyo mpaka Jumatatu.

Jumamosi kijana wa Ruangwa akapiga simu ya duka. Wakati ule wifi yangu mtarajiwa, dada wa mchumba, alikuwa amesimama kaunta akitoa kopi ya vyeti.

"Sista, mambo? Nasafisha mashine huku, inakwenda kama konokono. Hii folda ya Fulani ndiyo ya nani? Mliifanyia majaribio?"

Wifi alisikia sauti ikitoka kwenye simu, akaegemea kaunta, akatabasamu. "Nani huyo anakuita sista? Kaka anamjua?"

Ya nani? Nilitakiwa kutaja jina la mama yake mbele yake, kwenye simu, kwa mwanaume.

"Si ya mtu," nikasema.

"Kwa hiyo nifute?"

"Haya."

Ni neno la kukata maongezi tu. Nalisema hata leo mtu akinichosha. Lakini nilijua anauliza nini. Nilijituliza kwamba akifuta anafuta ya kwake, ya kwangu si hii hapa naiona kwenye kioo? Na kweli niliiona, kwa sababu laini ilikuwa imekatika na kompyuta yangu haikuwa na habari na mambo ya ghalani.

Jumatatu asubuhi laini ikarudi. Nikaunganisha. Folda zilikuwa zimejipanga kama kawaida, ya Fulani ikiwa ya tatu toka juu. Halafu orodha ikatikisika mara moja, kama mtu aliyekonyeza, na iliyokuwa ya nne ikawa ya tatu.

Nilizima nikawasha. Nikachomoa waya nikauchomeka. Nikafungua folda za watu wengine moja moja, labda imeingia ndani ya mwenzake. Hapo ndipo maneno ya bosi kuhusu madirisha yaliponiingia, yote kwa pamoja, na nikajua ni mimi.

Bibi aliingia saa nne na gauni lake jipya.

"Siku imekuja?"

Nikasema, "Bibi, mtandao unasumbua. Njoo keshokutwa."

Bosi alipoambiwa kuna folda imepotea alidhani ni kirusi. Akapitisha dawa ya virusi siku nzima. Jumanne akaitoa ile programu ya barua, akaiweka upya. Folda zote zikarudi kutoka ghalani, isipokuwa ile. "Ajabu," akasema. "Mbona imechagua moja?" Nilikuwa nimekaa naye kiti kwa kiti, nampa kalamu, namshikia tochi aangalie nyuma ya mashine. Nilikuwa na jibu mdomoni siku mbili nzima.

Jumatano bibi akarudi. Hakuuliza. Alikaa kwenye benchi akinitazama usoni, kisha akainuka. "Labda hajapata msindikizaji," alisema, akanifariji mimi.

Alhamisi bosi akampigia kijana wa Ruangwa, na kijana akakiri kufuta. Bosi akafoka mpaka wapita njia wakachungulia. Akamwambia funga duka, njoo hapa. Alifika mchana, vumbi la barabara limempaka nywele zote.

"Bosi, mimi sikufuta kichwakichwa. Nilimuuliza dada. Akasema si ya mtu."

Bosi akanigeukia. "Alikuuliza?"

Nikasema, "Sikumbuki."

Nimeishi na mambo mengi niliyoyafanya nikiwa mdogo, lakini neno hilo bado likinijia nikiwa naosha vyombo huacha kuosha. Kijana alinitazama. Hakubisha. Alikuwa na ulimi wa kumshinda bosi na mimi pamoja, akaamua kuufunga.

"Na kapu la taka?" bosi akamuuliza.

"Nilimwaga, bosi. Si ulisema tusafishe?"

Halafu kijana akauliza, "Ile kompyuta ya zamani, mliyoibadilisha mwezi huu, mmeitupa?"

Ilikuwa stoo, chini ya maboksi ya karatasi. Bosi akaenda kuibeba mwenyewe, akataka kuichomeka waya wa intaneti kama kawaida. Kijana akamshika mkono.

"Usiunganishe, bosi! Ikionana na ghala tu, itaambiwa folda haipo, nayo itafuta. Iwashe ikiwa kavu hivyohivyo."

Tukaiwasha kavu. Folda ilikuwepo, ya tatu toka juu. Barua zote za bibi zilikuwemo isipokuwa ile ya mwisho, kwa sababu mashine ile ilistaafu kabla barua hiyo haijafika. Lakini anwani ya karani ilikuwepo, na ndiyo tuliyoikosa siku zote hizo. Kijana akazipiga chapa barua zote kabla hatujagusa kitu kingine, kisha akamwandikia karani kwa kompyuta mpya: tumepoteza barua ya mwisho, tunaomba uitume tena. Ilimchukua dakika tano. Alipomaliza akajikung'uta vumbi, akaniambia bila kunitazama, "Dada, baki salama," akaondoka kuwahi usafiri wa Ruangwa.

Bosi hakumfukuza, lakini kwa miezi alimwita "Mfutaji" mbele ya wateja. Mimi nikiwa pale.

Jibu liliingia Jumatatu, kabla bibi hajafika. Karani alianza kwa Kiswahili: "Hatukuwa na umeme tangu Alhamisi. Barua mliyoipoteza hii hapa chini. Lakini mzee ameshakwenda mtoni na kurudi. Siku alizosema ni Alhamisi na Ijumaa. Alingoja siku zote mbili. Wenye mitumbwi walimpa mahali pa kulala. Anauliza kama dada yake mzima." Chini yake ndiyo ile barua ndefu ya Kimakonde.

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Jumatatu ile ningefungua mdomo, kompyuta ya zamani ingewashwa Jumatatu ileile. Jumanne jibu lingekuja. Jumatano bibi angekuwa njiani na gauni lake.

Alipokuja nilimsomea kwanza ya karani, kwa sababu sikuwa na njia ya kuificha. Sauti yangu iliishia kwenye "alingoja". Akaniambia niendelee. Kisha nikamsomea ya Kimakonde, silabi kwa silabi, na safari hii hakucheka popote nilipokosea. Alinisahihisha mara moja tu, taratibu.

Tulipomaliza nikamwambia. Nilimwambia nikitazama herufi za kibodi. Kwamba folda yake niliiita Fulani. Kwamba niliulizwa, nikasema si ya mtu. Na kwa nini sikuweza kuandika jina lake.

Mteja mmoja aliingia, akaona tulivyo, akatoka.

"Si ungeniambia tu," bibi akasema. "Hilo ni jina nililotoka nalo unyagoni. Ninalo la utotoni. Kaka ndilo analoniitia humo ndani ya barua. Umelisoma mara ngapi?"

Nililisoma kila Jumatatu. Nilidhani ni salamu.

Akasogeza benchi karibu. "Haya, andika. Tumjibu asidhani nimekufa."

Alitamka Kimakonde polepole, mimi nikafuata kwa kidole kimoja, nikirudia kila sauti kwa midomo. Ilikuwa barua fupi. Katikati alisita, akanitazama, akaendelea. Tulipofika mwisho nikamuuliza amesema nini, maana sikutaka kutuma kitu kingine nisichokijua.

"Nimemsalimu. Nimemwomba anitajie siku nyingine, mvua zikiisha." Akajifunga khanga vizuri. "Nimemwambia barua ilifika mapema. Nilikuwa naumwa mguu, ndiyo maana sikuja."

"Bibi, lakini wewe huumwi..."

"Sasa nimwambie nini? Kwamba ni mtoto wa watu alikuwa anaona haya? Itume, mjukuu wangu."

Ningeweza kufuta sentensi ile, nilishajua ilipo. Ningeweza kumwomba aiseme upya, iseme kweli. Nilitafuta kitufe cha kutuma, nikakibonyeza, na barua ikaondoka na mguu mbaya wa bibi ndani yake, yeye akiwa ameshasimama, anatembea vizuri kabisa kuelekea mlangoni.